Mwanga wa Miguu

Nafunga duka saa tatu na robo.
Mafuta ya cherehani yangali kuchani,
vipande vya uzi wa buluu vimenigandama surualini:
ni mwezi wa sare za skuli,
na kila mama aitaka ya mwanawe kesho.
Baskeli niliyoachiwa na mjomba Shaame
imeegemea ukuta kama mgonjwa asubiriye dawa.
Naipiga kofi la tandiko. Haya bibi, twende.
Nyuma, kwenye karia: unga kilo mbili, mche wa sabuni,
na boga alilonituma Bikombo tangu juzi.

Mpaka Wawi kuna taa za barabarani,
moja inawaka, mbili zinafikiri.
Baada ya hapo ni mimi na dinamo.
Naisukuma ilalie tairi,
inaanza kunung'unika kama mtu aliyeamshwa kula daku,
na mwanga unatoka,
wa manjano, upana wa sinia.

Ndani ya sinia hilo naishi nusu saa nzima:
jiwe, mavi ya ng'ombe, chura,
ganda la fenesi,
macho mawili ya komba,
kisha hapana.

Wahenga walisema mwenda pole hajikwai.
Hawakuwa na dinamo.
Hapa mwenda pole huzimikiwa.
Kilimani, ndipo ningependa kuona zaidi,
pedeli inakuwa nzito, taa inakonda,
inakuwa utambi,
inakuwa kumbukumbu ya utambi.
Na mteremkoni, ambako kila kokoto naijua kwa jina,
inawaka kama harusi ya watu.

Jumanne, kwenye kilima cha makaburi, nilishuka nisukume.
Giza likanifika shingoni.
Ndipo nikasikia nyuma yangu:
kwiri, kwiri, tak.
Kwiri, kwiri, tak.
Madigadi yaliyolegea, nikajua. Jini hana madigadi.
Hata hivyo nilisoma, kimoyomoyo.

"Asalaam aleikum," ikasema sauti.
"Yakhe, nigawie mwanga. Taa yangu imekufa tangu Ramadhani."
Nikamwambia mwanga huu haugawiki, ni wa miguu,
nikisimama haupo.
"Basi usisimame."
Na mimi niliyekuwa nimeshasimama
nikaona haya, nikapanda.

Tukaenda bega kwa bega, uso wake nje ya sinia.
Akanambia bei ya saruji.
Akanambia mbuzi wake kazaa pacha, mmoja hataki kunyonya.
Akanambia ana ndugu Unguja asiyepiga simu
ila akiwa na shida, na siku hizi hata shida hana.
Sijui ni nini. Labda ni kutotazamana.
Nikajisikia namwambia lile ambalo Bikombo hajalisikia:
kwamba sindano siioni tena tundu,
kwamba namwita kijana Haroub anitungie uzi,
najifanya nina shughuli, natafuta chaki
ambayo iko sikioni mwangu.

Akanyamaza.
Kwiri, kwiri, tak.
Tukapita msikiti mdogo, tukapita harufu ya karafuu za mtu
zilizosahauliwa kuanuliwa.

"Taa yangu haikufa," akasema mwishowe.
"Iko nzima, fundi. Ni mimi. Likishatua jua
sioni hata mkono wangu.
Kila usiku nakufuata wewe kwa mlio.
Leo umenyamaza ghafla, ndiyo nikakuita."

Kila usiku.
Na mimi nilidhani njia hii ni yangu peke yangu.

Kwa Mshelisheli akakata kulia.
"Kwangu ni tuta la tatu," akasema,
nikamsikia akiyahesabu kwa makalio:
tak. Tak.
La tatu sikulisikia, upepo ulilichukua.

Mchana sokoni sikumjua. Nani angemjua?
Wanaume mia, baskeli mia, zote zimenyamaza ukutani.

Ila jana fundi baskeli aliinamia gurudumu langu,
akashika kopo la mafuta, akasema
dinamo hii inapiga kelele mno, ngoja niitie tone.
Nikamzuia mkono.
Iache, nikamwambia.
Iache inung'unike.